Nani Ameigusa Kabla Yangu

Kabla hajashika chochote, awe na mteja au awe peke yake, alinyoosha mkono akagusa nondo za dirisha kwa migongo ya vidole. Alifanya hivyo hata kabla ya kupokea kikombe cha chai, hata kabla ya kumpa mkono mtu aliyetoka mbali. Alisema mwili wa mtu hukusanya umeme mdogo usiouma, na umeme huo ukishukia vidude vya ndani ya kompyuta huviua kimyakimya. Afadhali chuma cha dirisha kiumeze. Miaka ilivyokwenda akawa anagusa hata dirisha la hospitali alipokwenda kumwona mgonjwa, hata la nyumba yenye msiba. Waliomjua walicheka. Wasiomjua walidhani ameweka nadhiri.

Mtaani walimwita Usiguse, kwa sababu ya karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la fotokopi: "Imezima? Usiguse. Umeshagusa? Sema." Kazi yake ilikuwa kutoa mafaili kwenye kompyuta zilizogoma kuwaka. Kuzitengeneza zenyewe hakukumvutia. Mtu akimwambia mashine yake imekufa alijibu, "Ife tu. Ndani kuna nini?"

Kwa mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa wifi, dada mkubwa wa mumewe, na kwa miaka minne mawifi hao wawili walisalimiana kwa midomo tu. Ugomvi ulianzia kwenye kikao cha familia kilichoitishwa kupanga nani atamtunza mama mkwe. Mume wa mwalimu alikuwa ameahidi kumpeleka mama kliniki, akasahau, na mwalimu akamtetea mbele ya watu wote: mwenzangu alikuwa na kazi nyingi, mwenzangu aliumwa kichwa. Ndipo wifi akasema, bila kupandisha sauti, "Wewe umemlea mdogo wangu vibaya kuliko mama. Mama alimdekeza, lakini alimwacha aseme makosa yake mwenyewe. Wewe unamsemea." Mwalimu aliondoka na hasira ambayo haikupoa, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila alipotaka kuikanusha ile kauli, alijikuta anatafuta mfano wa kuikanusha na haupati.

Kwa hiyo, siku alipoingia kwenye kile chumba akiwa ameikumbatia kompyuta mpakato yake kama mtoto mwenye homa, kila mmoja alijua haikuwa ziara.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Kiti hicho kina mguu mbovu, kalia hicho kingine. Umenikumbuka leo."

"Nimekukumbuka."

"Hapana, umekwama. Kukumbuka ni kitu kingine. Ndani kuna nini?"

Ndani kulikuwa na wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Mwalimu alikuwa msimamizi wa taaluma katika sekondari ya kutwa, na miaka miwili nyuma mwalimu mkuu alikuwa ametangaza mbele ya kikao kwamba shule yao imetoka kwenye makaratasi. Madaftari ya alama yakafungwa, na kazi yote ikahamia kwenye kompyuta ya mwalimu, maana zile za shule hazikuwahi kuwaka zote kwa wakati mmoja. Mwalimu alimfungulia kila mwanafunzi wa darasa la mwisho faili lake, lenye namba yake ya mtihani na alama za kila jaribio tangu mwaka uliopita. Alama hizo zilikuwa zinajumlishwa na mtihani wa mwisho. Zilitakiwa ziwasilishwe Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumamosi alibonyeza kitufe, ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye giza, na basi. Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa na muhula mmoja tu.

Mwalimu mkuu hakushtuka hata kidogo. "Weka wastani," alimwambia, akitafuta miwani yake mezani. "Kila mtoto hamsini na tano. Hakuna atakayelalamika."

Mwalimu alimfikiria msichana mmoja wa mkondo wa tatu, mwenye kujifungia maktaba mpaka mlinzi amtoe, ambaye hakuwahi kushuka chini ya themanini na nane. Akamfikiria mvulana aliyeanza na kumi na mbili akapanda pole pole, jaribio kwa jaribio, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, hadi sitini na moja. Hamsini na tano. Akatoka ofisini bila kuaga.

Hayo yote alimweleza wifi yake. Wifi alisikiliza, akagusa nondo za dirisha, lakini hakuipokea mashine.

"Nani ameigusa kabla yangu?"

"Hakuna."

"Nakuuliza tena, sio kwa ubaya. Mtoto, jirani, fundi, nani mwingine ameiwasha?"

"Mimi mwenyewe, Jumamosi. Ikagoma, nikaiacha mezani. Leo Jumanne nimekuletea."

"Na mume wako?"

"Yeye ya kwake ni simu tu. Hii haigusi."

"Nauliza mara ya tatu kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe. Kufungua ni skrubu tu."

"Wifi, sio mtoto mimi. Nimesema hakuna."

"Haya." Akavuta fomu yake, karatasi aliyomjazisha kila mteja, awe bosi au awe jirani, akaandika tarehe na saa, na kwenye nafasi ya aliyegusa akaandika "hakuna". Akamsogezea kalamu. "Saini hapo."

Mwalimu alisaini kwa nguvu, karatasi ikachanika kidogo.

Hakuna aliyezaliwa anajua kazi ile, na wifi hakuisomea chuoni. Alikuwa karani katika ofisi ya viwanja, miaka kumi na tisa, kwanza na taipureta, kisha na kompyuta ya kwanza iliyofika pale ikiwa imefunikwa kitambaa kama kaburi la mtu mkubwa. Yeye ndiye aliyeingiza majina ya wenye viwanja, mmoja mmoja. Mwaka wa kumi na tisa ile kompyuta iligoma. Akasema isubiriwe, aitwe mtu anayejua. Mkubwa wa ofisi akasema hawezi kukaa na mashine iliyokufa mezani, akamwita kijana wa mtaani aipige windo. Kupiga windo, kwa wasioijua lugha hiyo, ni kuweka mfumo mpya juu ya uliokuwepo. Mashine inaamka imependeza, mbichi, haikumbuki kitu. Ikaamka. Majina ya miaka minne yalikuwa hayapo, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina la karani, "kwa uzembe wa kutunza kumbukumbu".

Hakusaini barua ile. Aliiacha mezani, akachukua mkoba wake. Lakini kilichomkaa moyoni hakikuwa barua. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa akifika kila Alhamisi kuulizia kiwanja chake, na wiki ile alipofika, mkubwa wa ofisi alimwambia kwa upole kwamba jina lake halikuwahi kuwepo. Karani alikuwa amelichapa kwa vidole vyake. Alisimama mlangoni akalisikia neno hilo likisemwa, naye hana cha kuonyesha.

Baada ya hapo alianza kukusanya diski mbovu, zile zinazotupwa, akazifungua juu ya meza ya kulia chakula mpaka watu wa nyumbani wakawa wanakula wamepakata sahani. Alijifunza kwa kuua. Akaja akajua kwamba kinachofutwa hakiondoki mara moja. Kinabaki pale pale, hakina mlango tu, mpaka kitu kingine kije kikilalie. Kwa hiyo aliogopa jambo moja kuliko yote, mkono wa pili. Mashine iliyoungua alikuwa mvumilivu nayo. Mashine iliyoanguka majini aliifuta maji akiiongelesha. Mtu aliyesema "hakuna aliyegusa" naye amegusa, huyo hakumvumilia hata dakika, na wapo wateja aliowarudishia mizigo yao mlangoni.

Siku ile alitoa diski kwenye kompyuta ya mwalimu, akaiunganisha na mashine yake, akaanza kuinakili yote kama ilivyo, penye kitu na patupu, maana hakufanya kazi juu ya diski ya mtu hata siku moja. Alifanya juu ya nakala. Diski ilikuwa inakohoa. "Imechoka," alisema. "Ndiyo maana iligoma. Lakini haijafa. Nenda kafundishe, nitakuita."

Alimwita kesho yake mchana, kwa maneno mawili: "Njoo. Sasa."

Mwalimu alimkuta amesimama, mikono nyuma.

"Wifi, wewe unapenda filamu za mapanga?"

"Filamu za nini?"

"Mapanga. Watu wanarukiana juu ya mapaa. Humu ziko thelathini na moja. Na nyimbo kama mia nne hivi, nyingi za mapenzi. Zimeingia Jumatatu, saa sita na dakika kumi mchana. Juu ya windo mpya, iliyopigwa saa nne asubuhi hiyo hiyo." Akaichukua ile fomu mezani. "Na hapa umesaini."

Jumatatu saa nne mwalimu alikuwa darasani, mkono mweupe kwa chaki. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu. Alihisi uso unawaka, kisha unapoa, kisha unawaka tena, na hasira ilivyopanda haikujua pa kwenda, maana aliyesimama mbele yake alikuwa ndiye pekee asiye na kosa.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Ungejua ungemtetea vizuri zaidi." Wifi alikuwa ameshashika simu. "Njoo hapa kazini kwangu. Hapana, mama hajambo. Nimesema njoo."

Mumewe alifika na shati la kazi, anatabasamu tabasamu lake la kuingilia, lile linaloomba msamaha kabla ya shtaka kusomwa. Akaiona kompyuta imefunuliwa mgongo, tabasamu likamwishia.

"Dada, nilitaka kumsaidia."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia ikipona. Alikuwa halali, ana mawazo. Nikampelekea yule fundi wa kona, akasema hii ni windo tu."

"Ikapona."

"Ikapona."

"Ukaona haina kitu ndani."

Akataka kukalia kiti chenye mguu mbovu, kikamkataa. "Jioni ikazima tena. Nikairudisha mezani kama ilivyokuwa. Nikajua ataileta kwako, na wewe unaweza."

"Kwa hiyo ulijua inaletwa kwangu. Ulijua nitauliza nani amegusa, maana mpaka watoto wa mtaa huu wanajua nitauliza. Ukamwachia mkeo aje anidanganye bila yeye kujua."

"Fundi alisema huwa hazipotei."

"Na filamu?"

"Zile alitoa zawadi. Kila anayepigiwa windo anajaziwa. Ndiyo kawaida yao, dada, sikumwomba."

"Umeangalia?"

"Moja tu." Akatazama chini. "Nusu."

"Nusu," wifi alisema. "Basi tumwambie mwalimu mkuu, ulijizuia."

Mwalimu alisikia mdomo wake unafunguka. Maneno yalikuwa yameshajipanga, basi wifi, yameshatokea, alikuwa na nia njema, na sauti ya kuyasemea ilikuwa tayari, ile laini aliyoitumia miaka kumi na saba. Akaufunga mdomo. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama kwa mazoea, akisubiri. Aliposubiri akaona haliji neno, ndipo kwa mara ya kwanza akaonekana ameogopa.

"Mdogo wangu alioa mwalimu, nikasema atafundishika," wifi alisema, akigusa nondo. "Tokeni wote. Nina kazi."

Kazi hiyo ilichukua siku nane. Kila akitoka shule mwalimu alikwenda pale, akakaa karibu na wifi yake, bega kwa bega, wasiopendana. Mafaili yalikuwa yanatoka bila majina, namba tupu, mamia kwa mamia, mengine barua za zamani, mengine picha za harusi ya mtu, na kila moja ilibidi lifunguliwe na kutazamwa. Wifi alifungua, mwalimu akatazama.

"Hili?"

"La mtoto. Mkondo wa kwanza. Huyu ni yule wa kicheko; angalia, hesabu tisini, historia kumi na nane."

"Unawajua kwa alama?"

"Wewe unawajua watu kwa diski zao."

Wifi aliguna, na kwa guno lile ilikuwa karibu acheke. Halafu likafunguka faili lililokatika katikati, na baada ya katikati hakuna kinachosomeka, akalaani kwa sauti, akamlaani fundi wa kona, akamlaani mwigizaji mwenye panga, akamlaani mdogo wake kwa jina la ubatizo ambalo mwalimu hakuwahi kulisikia. Hasira yake haikuchoka. Saa kumi jioni ilikuwa mbichi kama ya asubuhi. Mwalimu alianza kuona kwamba ndiyo iliyokuwa inamfungulisha lile faili linalofuata, na linalofuata.

Hadi Alhamisi walikuwa wamepata tisini na watatu. Kumi na tisa hawakupatikana. Wote walikuwa wa mkondo wa tatu, na pale walipokuwa palikuwa na filamu. Yule wa kumi na mbili hadi sitini na moja alipatikana mzima. Msichana wa maktaba hakupatikana.

Alhamisi hiyo mwalimu mkuu alipewa hesabu hiyo, akafurahi. "Tisini na tatu. Kazi nzuri. Hao kumi na tisa wape wastani wa darasa. Lete barua ya fundi iseme ni umeme ulikatika, tuiambatishe."

"Umeme haukukatika."

"Mwalimu, nani atajua?"

"Mimi najua. Fundi anajua."

"Fundi si wifi yako? Mambo ya ndani hayo."

Mchana huo huo mumewe alikwenda kwa dada yake kuomba barua hiyo hiyo. Hakutumwa, aliisikia habari kwa mkewe, akaona ni njia. Alimkuta mkewe pale pale. Alisema ni neno moja tu, umeme, na kwamba umeme hauna ndugu wala jina la kuharibika. Wifi alimwacha amalize. Kisha akaandika barua mbele yake, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa karani: diski ilichoka, tarehe fulani saa fulani uliwekwa mfumo mpya na fundi asiyemjua, filamu thelathini na moja ziliwekwa juu, mafaili tisini na matatu yametolewa, kumi na tisa hayakutolewa na hayatatolewa na mtu yeyote. Akaisoma kwa sauti, polepole. Mdogo wake akasimama.

"Wakiuliza nani aliipeleka kwa fundi, utaniweka wapi, dada?"

"Nilishaona mtu akiambiwa hakuwepo," alisema. "Sitaandika umeme."

Yaliyofuata hayana urefu. Mwalimu aliwasilisha alama tisini na tatu, na barua ile, na maelezo yake mwenyewe kuhusu kumi na tisa. Mwalimu mkuu alimvua usimamizi wa taaluma wiki hiyo hiyo, akampa bustani ya shule. Mamlaka ya mitihani ilijibu kwamba wale kumi na tisa wafanye majaribio yote upya ndani ya wiki mbili, na wakafanya, asubuhi na mchana, macho mekundu. Wapo waliopata zaidi ya walivyokuwa wamepata. Msichana wa maktaba alipata sabini na nne, na tangu siku ile hakumsalimia mwalimu tena. Wakipishana aligeuza uso, na mwalimu aliona ana haki. Mumewe kwa miezi alizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya nyumba za wazazi wa wale kumi na tisa. Hakuna aliyezunguka kumsemea.

Jumapili, siku mbili baada ya alama kuwasilishwa, wifi alianguka bafuni kwake. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na sauti yote. Aliishi miezi saba baada ya hapo, na mwalimu ndiye aliyekuwa anakwenda kumwogesha, maana mtu mwingine akimshika alikunja uso mpaka akaachwa. Siku majibu ya wale kumi na tisa yalipotoka alimsomea, mmoja mmoja. Kwenye sabini na nne wifi alifumba macho, na mkono wa kushoto ukakunja shuka ukalivuta, ukalivuta. Hakuwa amesamehe, na mwalimu, akiwa ameshika kitambaa chenye maji, alishukuru kwamba kuna mtu mwingine ulimwenguni ambaye hajasamehe.

Kwa hiyo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwake lilikuwa la ile Ijumaa asubuhi ya kuwasilisha alama, mlangoni pa chumba cha kazi, alipokwenda kuchukua flashi na barua. Kabla ya kupeleka ofisini alitaka kupita darasani kwanza, awaambie wale kumi na tisa yeye mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mwingine. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema hajui aanzie wapi. Labda aanze kuwaeleza diski ni nini, na inavyochoka, na jinsi mafaili yanavyolaliwa.

Wifi alimwekea flashi mkononi, akamfunga vidole juu yake.

"Hao watoto hawakukuuliza habari za diski," alisema. "Waambie ni mume wako. Na wakitaka kujua huyo mume ana ndugu gani wa namna hiyo, waambie ana dada, yuko hapa nyuma ya fotokopi, waje."